Kalamu ya Karani wa Tanga



Yako maneno yasemwayo sana vijijini kwetu: "Kitabu ni cha shule. Shule ikiisha, shika jembe." Mtoto akikaa chini ya mwembe na kitabu kisicho cha mtihani, huitwa mvivu. Akiandika hadithi katika daftari, kesho yake daftari lawashia moto jikoni. Leo natupime maneno hayo kwa maisha ya mtu mmoja aliyependa kusoma na kuandika tangu ujana wake, naye hakuwa tajiri.

Mtu huyo ni Shaaban Robert. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma shule Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, basi. Chuo kikuu hakukiona. Mwaka 1926 akaajiriwa na Serikali kuwa karani wa forodha, akakaa sana Pangani. Baadaye alihamishiwa idara ya wanyama wa pori, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga, kisha idara ya upimaji wa ardhi. Miaka zaidi ya 30 riziki yake ilitoka katika ukarani. Vitabu havikumtoa kazini, wala kazi haikumnyang'anya kalamu.

Aliandika nini? Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake Kusadikika, habari ya nchi iliyo angani, ambamo kijana Karama anashitakiwa kwa kuwafundisha watu mambo ya sheria, naye anajitetea kwa maneno, si kwa rungu. Mwaka 1952 kikafuata Adili na Nduguze. Vijana wengi wamekuzwa kwa vitabu hivyo shuleni.

Lakini wazazi, sikilizeni hili. Mtu huyu hakuwaandikia wageni tu. Alimtungia binti yake Mwanjaa utenzi mzima wa mawaidha, na mwanawe Hussein akamtungia wake. Ni baba wangapi kati yetu wamewaachia watoto wao hata ukurasa mmoja? Tena, tangu 1931 hata 1958 alimwandikia barua ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge. Ndugu yule hakuzitupa. Mwaka 2002 zikapigwa chapa kuwa kitabu. Kama zingalifungiwa karanga sokoni, leo tungesoma nini?

Wala kazi hiyo haikuwa na malipo ya haraka. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Utubora Mkulima, hadithi ya kijana aliyeacha kazi ya mshahara akaenda kulima shamba, ilitoka mwaka 1968, mwenyewe akiwa kaburini miaka sita. Mwandishi ni kama apandaye mwembe: pengine wajukuu ndio watakaokula.

Mtu atasema, "Huyo alikuwa mtu wa pwani, Kiswahili amezaliwa nacho." Haya, natuje kwetu Katavi. Pale Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, limo kaburi la Adrian Atiman. Alizaliwa mbali, upande wa Timbuktu katika nchi ya Mali, akaibwa angali mtoto, akauzwa utumwani. Mapadre Weupe walimkomboa, na Kardinali Lavigerie akampeleka kisiwa cha Malta kusomea uganga. Akaja Karema, akawatibu watu na kuwafundisha dini zaidi ya miaka 60, hata alipofariki mwaka 1956. Mwanawe mmoja akawa padre. Nasi twayajua mambo ya utoto wake kwa sababu mwenyewe aliyasimulia yakaandikwa, nayo yakapigwa chapa mwaka 1946. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi ameacha habari zake kwa maneno yake mwenyewe!

Sasa natujiulize. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira. Wazee waliofanya kazi katika migodi ile, ni wangapi bado wapo? Akina mama waliokimbia Burundi mwaka 1972 na kuanza maisha mapya Katumba, nani ameandika safari yao? Wapimbwe, Wabende na Wakonongo wana hadithi za jioni. Nani amezitia katika daftari? Kila tukizikapo mzee, twazika na kitabu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nayo habari ni mali.

Basi, yatupasa kufanya mambo matatu, wala si ya gharama. Kwanza, mnunulie mtoto daftari moja lisilo la shule, liwe lake, mtu asilichane. Pili, jioni moja kwa juma mtoto asome kwa sauti nyumbani: Injili ya Dominika, gazeti hili, au hadithi yo yote njema. Baba asiyejua kusoma asione haya, maana kusikiliza nako ni kusoma. Tatu, mtume mtoto kwa babu au bibi na kalamu mkononi, aulize, aandike.

Hatusemi kila mtoto atakuwa Shaaban Robert. Shamba lahitaji wakulima, na jembe halina aibu. Lakini mkono ushikao jembe asubuhi waweza kushika kalamu jioni. Nenda leo ukaangalie jikoni kwako: daftari lililo karibu na mafiga ni la nani?