Kiota Kilicho Chini

Sisi tukaao kisiwani Mombasa ndege tumjuaye zaidi ni kunguru. Asili yake ni Bara Hindi, lakini popote penye taka, iwe Mji wa Kale au bandarini, huyo hushiba. Leo twataka kusema habari za ndege asiyeweza kuishi hivyo.

Yeye yuko bara, katika nyanda za juu za Kenya, wala haonekani katika nchi nyingine yoyote duniani. Makao yake makubwa ni Kinangop, kwenye baridi, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Wataalamu walimwandika mwaka 1904 kwa jina la Sharpe, mwanachuoni wa ndege wa London. Ni mdogo, mgongo wake kama nyasi kavu, kifua cha manjano, na ukucha wa nyuma ni mrefu ajabu. Chakula chake ni panzi, mbawakawa na wadudu wengine. Hajengi mtini, kiota chake huwa chini, kati ya mashina ya nyasi yaliyosongamana.

Basi jembe likipita, nyumba yake imekwisha, naye hana desturi ya kuhamia mbali. Tangu miaka ya 1960 mashamba makubwa ya walowezi huko yaligawiwa wananchi, na mwenye ekari chache hana budi kulima viazi na kabichi apate karo ya watoto. Tutamlaumuje, nasi twala viazi karai kila jioni, na viazi hivyo hutoka mashamba ya bara kama hayo? Lakini ndege huyu sasa amehesabiwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka.

Torati, katika Kumbukumbu 22, yataja kiota cha mtini na cha chini pia: mtu aweza kutwaa makinda, ila mama yao amwache aende zake. Haikumkataza mwenye njaa asile. Ilimwekea mpaka, ndege apate kuzaa tena.

Huko Kinangop wako wanaojaribu kuweka mpaka wa namna hiyo. Wenyeji waliunda chama chao miaka ya 1990, na shirika la Nature Kenya limenunua vipande vya ardhi ili visilimwe. Wakulima nao huhimizwa kubakiza malisho ya kondoo, maana ndege huyu hupenda nyasi fupi zenye mashina marefu hapa na pale. Sufu ya kondoo hao husokotwa, ikafumwa, ikauzwa.