Treni Zisizotoka Kisandukuni

Ndugu msomaji, usidhani kuwa treni za kuchezea ni mambo ya watoto tu. Huko Ujerumani, Uingereza na Marekani wako watu wazima, aghalabu wanaume waliokwisha kustaafu, ambao uraibu wao mkubwa ni kujenga reli ndogo ndani ya nyumba. Hutandika njia juu ya meza, wakapanga stesheni, madaraja na milima ya plasta, kisha wakaendesha treni za umeme kwa ratiba.

Kazi hiyo ina historia ndefu. Kiwanda cha Märklin, cha mjini Göppingen, kilianzishwa mwaka 1859, na mwaka 1891 kilionyesha reli yake ya kuchezea katika maonyesho ya Leipzig. Kipimo kinachopendwa zaidi leo ni cha moja kwa themanini na saba: behewa la mita 18 hugeuka kitu cha sentimita 20 hivi, chenye ngazi, madirisha na hata maandishi madogo yanayohitaji miwani. Mwimbaji Rod Stewart, ambaye mwaka 2019 alionyesha mji wake wa reli uliomchukua zaidi ya miaka 20, alikuwa akikodi chumba cha ziada hotelini awapo safarini ili aendelee kuunda majengo yake.

Huyo ni mjenzi. Tatizo liko kwa mwenzake anayenunua tu.

Chanzo cha pupa hiyo ni namna vitu hivi vinavyouzwa. Viwanda vingi havitengenezi kichwa kilekile cha treni mwaka baada ya mwaka. Hutangaza, hupokea oda, hutoa fungu moja, kisha huenda vikanyamaza kwa miaka. Mnunuzi hujiambia: nisipochukua leo, nitakikosa. Basi huchukua kichwa cha treni ya mvuke ya Bavaria, ingawa meza yake, kama anayo, ni ya reli ya umeme ya Uswisi. Kichwa kimoja chenye taa na sauti chaweza kugharimu mamia ya Euro. Hukiingiza nyumbani kimyakimya, na mkewe akiuliza, hujibu kwamba kimekuwapo siku zote. Wenyewe hutaniana kwa jambo hili. Lakini fedha iliyotoka ni ya nyumba nzima.

Baada ya miaka, rafu hujaa visanduku ambavyo havijafunguliwa. Mwenyewe hujifariji kuwa ameweka akiba. Akiba gani? Grisi ndani ya mtambo uliolala hukauka na kuganda. Mipira ya magurudumu hupasuka. Baadhi ya vichwa vya zamani, vilivyosubiwa kwa zinki yenye uchafu, huvimba na kumeguka vyenyewe bila kuguswa na mtu. Isitoshe, wenzake wa rika lake walinunua vitu vilevile kwa hofu ileile, nao wanazeeka pamoja naye. Visanduku vinapotoka kwa wingi kwenda sokoni, bei haiwezi kungoja.

Anayeumia zaidi ni mjane. Mchuuzi huja, huhesabu visanduku, hutaja bei moja kwa shehena yote. Mama hajui kipi ni adimu na kipi ni cha kawaida. Marehemu hakumwambia hata bei aliyonunulia, kwa kuwa alikuwa akimficha. Ule uongo mdogo wa mlangoni ndio unaompunja sasa.

Usicheke sana, msomaji. Katika nyumba zetu wenyewe limo kabati la vyombo vya wageni ambao hawajafika tangu tuhamie.

Waliojinasua hawakuacha kupenda treni. Walichagua reli moja na kipindi kimoja, mathalani miaka ya 1950, na kila kisichohusika wakakiuza wakiwa hai na wakijua thamani yake. Kabla ya kununua kipya hujiuliza kitapita njia gani mezani. Wakikosa jibu, huondoka dukani. Vilivyobaki huviandikia orodha: jina, mwaka, bei iliyolipwa, na rafiki wa kuaminika wa kuulizwa siku ya kuuza. Orodha hiyo huwekwa pamoja na hati ya nyumba, na mke huonyeshwa ilipo.