BOLTI IKIKATIKIA NDANI YA MASHINE

Bolti ni kitu kidogo na bei yake si kubwa. Lakini bolti moja ikikatika, mashine ya kusagia ya kijiji kizima inaweza kusimama. Akina mama watabeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili, na wengine watarudi kwenye kinu na mchi. Mara nyingi hasara kubwa hailetwi na bolti yenyewe. Huletwa na haraka ya kuitoa. Tundu linaharibika, na mwili wa mashine unapasuka. Hapo kitu kidogo kimezaa gharama kubwa.

Leo tutaeleza kwa nini bolti hukatika, na jinsi ya kutoa kipande kilichobaki ndani bila kuharibu mashine.

BOLTI INASHIKAJE?

Tazama bolti yoyote. Utaona mistari inayozunguka kutoka chini kwenda juu. Hayo ndiyo meno ya bolti. Wengine huyaita hesi. Ndani ya tundu la mashine pia kuna meno kama hayo. Ukizungusha bolti, meno hupita katikati ya meno na kukamatana. Skrubu, ambayo watu wa pwani huiita parafujo, hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Bolti nyingi hukazwa kwa kuzungusha kulia, yaani jinsi mishale ya saa inavyokwenda. Kufungua ni kushoto. Lakini zipo chache zilizo kinyume. Pedali ya kushoto ya baiskeli hufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Kwa hiyo kabla ya kutumia nguvu, jiulize kwanza: je, ninazungusha upande unaotakiwa?

KWA NINI INAKATIKA?

Kwanza, kukaza kupita kiasi. Tumeona watu wakichomeka bomba refu kwenye mpini wa spana ili wapate nguvu zaidi. Bomba hilo linaongeza nguvu mara mbili au tatu, na bolti haiwezi kustahimili.

Pili, kulegea. Mashine ya kusaga hutetemeka mchana kutwa. Bolti iliyolegea hupigwapigwa kila mara, mwisho inachoka na kukatika.

Tatu, kutu. Kutu hugandisha bolti kwenye tundu. Ukilazimisha kuifungua, kichwa kinatoka na mwili unabaki.

Nne, bolti isiyo yake. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza meno ya bolti yafuate kipimo kimoja, cha inchi, na pembe ya meno iwe digrii 55. Bolti za milimita, ambazo ndizo nyingi siku hizi, zina pembe ya digrii 60. Mashine za zamani kutoka Uingereza huenda zina bolti za inchi. Ukiingiza ya milimita kwenye tundu la inchi, itazunguka mara mbili tatu halafu itagoma. Ukiilazimisha, utaharibu meno au itakatika.

KABLA YA KUANZA

Zima injini. Toa mkanda, ili mtu asije akaiwasha wakati mikono yako imo ndani. Safisha unga na vumbi. Halafu angalia kipande kilichokatika: je, kimechomoza juu ya tundu au kimezama?

Weka tayari vifaa hivi: koleo, tupa, msumeno wa chuma, nyundo ndogo, bisibisi, chuma kigumu chenye ncha kali, na mafuta. Kama utatoboa, tafuta keke na miwani ya kukinga macho. Chembe ya chuma ikiingia jichoni si jambo la mchezo.

HATUA KWA HATUA

1. Mafuta na subira. Changanya dizeli na oili kidogo. Dondoshea pale meno yanapokutana, kisha piga kipande polepole kwa nyundo ndogo ili mafuta yapenye. Acha mpaka kesho yake. Usivute sigara hapo, wala usisogeze moto. Hatua hii ndiyo watu wengi wanairuka, na ndiyo inayookoa mashine nyingi.

2. Kama kimechomoza. Kikamate kwa koleo na ukizungushe kushoto. Kikiteleza, kichonge pande mbili kwa tupa ili koleo lishike vizuri. Au kata mfereji juu yake kwa msumeno wa chuma, halafu tumia bisibisi. Kikisogea kidogo, usikivute tu. Rudisha nyuma, sogeza mbele, ongeza mafuta.

3. Kama kimezama. Bolti iliyokatika kwa mtetemo mara nyingi haikukaza tena, kwa sababu kichwa kilichokuwa kinaivuta hakipo. Weka ncha ya chuma karibu na ukingo wa kipande, iinamishe, kisha gonga kidogo kidogo kuelekea kushoto. Mara nyingi kipande huanza kuzunguka chenyewe. Angalia usiguse meno ya tundu.

4. Kama kimegoma. Sasa ni kutoboa. Sawazisha uso wa kipande, kisha tia alama katikati kabisa. Usikisie kwa jicho moja; tazama pande zote. Kwa bolti ya milimita 8, anza na msumari wa keke wa milimita 3, halafu 4. Toboa wima, polepole, ukitia mafuta. Ukipinda, utakula meno ya mashine.

Kwenye tundu hilo gonga taratibu chuma maalumu cha kutolea bolti zilizokatika. Meno yake huzunguka kinyume, hivyo ukikizungusha kushoto kinazidi kukamata. Lakini kikigoma, acha! Rudia mafuta. Chuma hiki ni kigumu sana. Kikikatikia ndani, msumari wa keke hautakiweza, na tatizo moja litakuwa mawili.

5. Njia ya mwisho. Bolti hutobolewa yote, na meno kukatwa upya. Kwa bolti ya kawaida ya milimita 8, tundu la kukatia meno ni milimita 6.8. Kama meno ya zamani yameharibika, fundi anaweza kupanua hadi bolti ya milimita 10, ambayo tundu lake ni milimita 8.5, iwapo kuta za chuma ni nene za kutosha. Kazi hii tunashauri mpelekee fundi mwenye vifaa.

SKRUBU NDOGO NAZO?

Kanuni ni hizo hizo kwa cherehani na saa. Huko Ulaya wapo watu wazima wanaotunza treni ndogo za mfano. Aina inayopendwa sana hupita kwenye reli zenye nafasi ya milimita 16.5 tu, na skrubu zake nyingine zina unene wa milimita 2 au chini ya hapo. Haziwezi kushikwa kwa koleo.

Mafundi wa saa na wa treni hizo wana njia ya ajabu. Skrubu ya chuma ikikatikia ndani ya shaba nyeupe au shaba nyekundu, hukichovya kifaa hicho katika maji ya moto yenye shabu nyingi, ile ile inayotumika kusafishia maji. Polepole shabu huila skrubu ya chuma na kuiacha shaba. Lakini vipande vyote vingine vya chuma lazima vitolewe kwanza, la sivyo navyo vitaliwa. Usijaribu njia hii kwenye mashine ya kusaga, maana mwili wake ni chuma.

TUZUIE ISIKATIKE TENA

Anza kila bolti kwa vidole, izunguke angalau mara tatu. Ikigoma kwa vidole, si yake au imeingia upande. Paka grisi kidogo kwenye meno. Tumia spana inayoenea, bila bomba. Kifuniko chenye bolti nyingi kikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo. Kila wiki kagua zilizolegea. Ukinunua nyingine, nenda na ile ya zamani mkononi, na ulinganishe namba iliyo kichwani, kwa mfano 8.8. Namba hiyo huonyesha nguvu yake.

Ndugu wasomaji, haraka haraka haina baraka. Usiku mmoja wa kusubiri mafuta yapenye ni nafuu kuliko mwezi mzima bila unga.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja sababu nne za bolti kukatika.
2. Kwa nini ni hatari kuchomeka bomba kwenye spana?
3. Katika mashine ya kijiji chenu, nani anakagua bolti, na siku gani?