Hati za Riyadha zimo mtandaoni, lakini ni nani azionaye?

Hati kongwe za msikiti wa Riyadha kule Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, zilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Humo mna vitabu vya fiqhi, nahau na nyiradi. Sharti la mpango huo ni jema: hati zenyewe haziondoki nchini, nakala moja ya picha hubaki huku, nyengine huenda London na kuwekwa mtandaoni bure.

Watu husikia "zimo mtandaoni" wakadhani kazi imekwisha. Hiyo ni nusu tu.

Kwa kompyuta, picha ya ukurasa ni picha tu, haijui mna nini ndani. Utafutapo, kinachotafutwa ni maneno aliyoyaandika mtu kwenye orodha. Orodha za aina hii huandikwa kwa Kiingereza, na majina yetu hutiwa vitone na vistari kwa mtindo wa vyuo vikuu. Mjukuu ataandika Swaleh. Orodha inasema Ṣāliḥ. Dawa yake si ghali: kila jina liwekewe namna zote linavyoandikwa, na maelezo ya Kiswahili yakae kando ya yale ya Kiingereza.

Wako wasemao kwamba sasa kompyuta itasoma yenyewe. Zipo programu, kama Transkribus, zinazojifunza mwandiko wa mkono, lakini kwanza zionyeshwe kurasa nyingi ambazo binadamu amezisoma na kuzinakili. Na Kiswahili cha khati za Kiarabu ni mtihani. Waandishi wetu wa zamani walitumia herufi ya be kwa b na kwa p, na mara nyingi hawakuiandika m inayotangulia. Neno lile lile laweza kuwa baba, papa, pamba au bamba. Mashine itajuaje? Ajuaye ni yule aliyesoma ubeti mzima na anayeijua lugha, na watu hao, tuseme kweli, wanazidi kupungua.

Kisha kuna bando. Picha nzuri ya hati ni nzito, na wengi wetu tuna simu tu. Utaratibu uitwao IIIF hulipunguza tatizo hili: picha hukatwa vipande, na simu huteremsha kile unachokitazama peke yake. Utaratibu huo huo huwezesha maktaba mbili kuonyesha picha moja bila kuihamisha. Maana yake tovuti ya Lamu yaweza kuonyesha picha iliyoko London, yenye maelezo yetu wenyewe.

Lakini tusitegemee mlango mmoja. Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia mitambo ya Maktaba ya Uingereza, na hati nyingi za kidijitali hazikuonekana kwa miezi mingi. Nakala iliyobaki nyumbani ndiyo akiba, mradi iwe kwenye seva inayofunguka, si kwenye diski iliyofungiwa kabatini.

Kaunti, vyuo vikuu vya Pwani na makumbusho wana nafasi ya kuligharamia hilo. Kazi ya kuorodhesha haihitaji kuwangoja. Vijana wawili wenye kompyuta na ustadhi mmoja ajuaye khati wanaweza kuanza na kitabu kimoja, wakaandika kwa Kiswahili kila ukurasa una nini.