Karatasi Adimu za Vita: Stempu Zilizoandikwa KIGOMA
(Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza iliishia Marekani, kwenye maboksi ya nafaka ya Post. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni hiyo ilichapa picha za wachezaji wa besiboli mgongoni mwa boksi, na watoto wakazikata kwa mkasi. Leo picha ya mchezaji asiye na jina kubwa huweza kuuzwa ghali kuliko ya nyota, kwa sababu tu ilichapwa kwenye nafaka ambayo wanunuzi hawakuipenda. Boksi zima ambalo halikuguswa na mkasi ndilo hutafutwa zaidi. Karatasi adimu hupatikana hivyo: zilitengenezwa kwa kazi nyingine, zikatumika, zikatupwa, chache zikasalia.

Huku kwetu Buha, karatasi za namna hiyo zililetwa na vita.

Meli za kivita za Waingereza zilipoziba pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, fedha kutoka Ulaya zilikoma kufika. Kuanzia 1915 serikali ya Wajerumani ikachapa noti zake za dharura, Dar es Salaam na Tabora, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, na maofisa wakazitia sahihi kwa mkono. Kufikia 1917, majeshi yakiwa yamesukumwa kusini, noti za rupia 1 zilipigwa kwa herufi za mpira, na sura zake zinaonyesha hivyo. Mkusanyaji wa noti hizi hahesabu thamani iliyoandikwa tu. Hutazama aina ya karatasi, herufi iliyopinda, sahihi ya nani. Kasoro ambayo mchapaji wa amani angeitupa, yeye huilipia.

Upande wa stempu ndiko Kigoma inakoingia. Wabelgiji waliuteka mji wa Kigoma Julai 1916, na Tabora Septemba mwaka huohuo. Tabora waliwaachia Waingereza, lakini Kigoma na sehemu kubwa ya Buha walizishikilia hadi Machi 1921. Hawakuwa na stempu za nchi waliyoiteka, wakachukua za Kongo yao za 1915 na kuzipiga chapa nyeusi juu, kwa Kifaransa na Kiflemi, kueleza kwamba hii ni Afrika Mashariki ya Kijerumani iliyo chini ya Ubelgiji. Mwaka 1918 zikafuata za kuchangia Msalaba Mwekundu, zenye herufi A.O. Zipo pia zilizopigwa RUANDA na URUNDI. Zote hizo orodha za wakusanyaji huzipa namba.

Halafu zipo zilizopigwa KIGOMA, KAREMA na TABORA. Hizi hazikupewa idhini rasmi, na orodha huzitaja kwa tanbihi tu. Kwa maoni yangu, stempu isiyo na idhini ni bidhaa iliyomlenga mkusanyaji tangu siku ya kwanza, na hapo inafanana zaidi na kadi ya nafaka kuliko inavyofanana na stempu. Hata hivyo namwelewa mtu wa Kasulu anayeitaka. Si kila siku utaona jina la mkoa wako kwenye karatasi ya mwaka 1916. Ainunue kwa bei ya kumbukumbu, asilipe bei ya stempu halali.

Na awe macho. Stempu ya kawaida ya Kongo ya 1915 si ghali, na muhuri wa mpira ni rahisi kuchonga, kwa hiyo mghushi hahitaji mtambo. Cha kwanza kuchunguza kwa kioo cha kukuzia ni mpangilio wa wino. Chapa ya nyongeza hupigwa kabla stempu haijauzwa. Muhuri wa posta hugongwa baadaye, barua ikisafirishwa. Ukiona wino wa jina umelala juu ya muhuri wa posta, jina limeongezwa baada ya safari. Usome pia tarehe na mahali pa muhuri huo: stempu iliyogongwa Kongo kabla ya Julai 1916 haiwezi kuwa na habari za Kigoma.

Kwa wale wenye masanduku ya wazee Kabanga, Kibondo au Heru Juu, neno moja kuhusu bahasha. Watu wengi huiloweka majini ili stempu ibanduke safi. Hapo ni kama wanakata boksi la nafaka. Bahasha nzima ina muhuri wa kituo ilikotoka, pengine na alama ya mkaguzi wa barua wa wakati wa vita, na njia iliyopita inasomeka mgongoni. Iacheni ilivyo. Msiipige pasi, msiitie gundi wala selotepu. Mvua za nyanda zetu ni ndefu na ukungu hupenda karatasi, hivyo ihifadhiwe sehemu kavu, mbali na ukuta wa udongo na mbali na moshi wa jikoni.

Juma lijalo: Waingereza nao na herufi zao G.E.A., hadi stempu za twiga za 1922.