Chura wa Kihansi: Tatizo Si Kuzaliana (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi maji ya Mto Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, yalivyoelekezwa kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180. Chura mwenyewe aligunduliwa mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha kuanza. Ni mdogo mno, rangi yake ya manjano; dume mzima hafiki sentimita 2. Jike hatagi mayai. Huzaa vyura waliokamilika, wa kama milimita 5, bila kupitia hatua ya viluwiluwi. Kwa hiyo hana haja ya dimbwi. Anachohitaji ni manyunyu ya maporomoko yanayolowesha majani na mawe saa zote. Manyunyu hayo yalifunika kama hekta 2 tu za korongo, na ndiyo dunia yake yote.

Wapo wanaosema mradi unasingiziwa, kwani kilichowamaliza vyura ni ugonjwa wa kuvu. Hoja hii ina uzito. Maji yalipopungua waliadimika, wakawekewa mabomba ya kunyunyizia, wakaongezeka tena hadi kufikia maelfu; kisha mwaka 2003 wakafa ndani ya miezi michache. Lakini kuvu huyo huyo ameshambulia vyura wengi duniani, na wengi wao wana mabonde mengine ya kukimbilia. Huyu hana. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini, akabaki kwenye vizimba vya vioo Marekani, kwa uzao wa vyura 499 waliochukuliwa mwaka 2000. Huko walizaliana vizuri, tangu 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, na kuvu huyo bado yumo humo.

Pingamizi la pili ndilo linalosikika zaidi mitaani: fedha zote hizo kwa chura, na watu wanakosa umeme! Sioni kwamba kuna anayedai mitambo izimwe. Ila gharama ya vizimba, ndege na mabomba haikuletwa na chura; ililetwa na kujenga kwanza na kuchunguza baadaye. Na mabomba si maporomoko: huziba, huhitaji fundi, na hulowesha pale tu yanapofika. Ndiyo maana namba ya kuulizia si idadi ya vyura wanaorudishwa, bali kiasi cha maji kinachoachwa kupita juu ya mwamba wakati wa kiangazi.