Mahojiano ya Hiari: Mhitimu Anapozungumza na Mwombaji wa Chuo Kikuu



Mwezi wa Novemba uliopita mama mmoja wa parokia alifika ofisini kwetu akiwa na simu mkononi na wasiwasi usoni. Binti yake, aliyefanya KCSE mwaka uliotangulia, alikuwa ameomba nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Sasa alikuwa amepokea barua pepe kutoka kwa mtu asiyemjua kabisa. Mtu huyo alijitambulisha kuwa alisoma chuo hicho zamani, akasema angependa kuzungumza na binti kwa muda wa dakika 45, na kwamba mazungumzo hayo ni ya hiari. Jirani mmoja, anayejulikana mtaani kwa kuwajazia watu fomu, alikuwa amekwisha kumwambia mama kwamba hayo ndiyo mahojiano ya mwisho ya kuamua, kwamba mhojaji hutegemea "chai", na kwamba kwa shilingi elfu kumi na tano yeye angelishughulikia jambo hilo. Mama alikuwa anatafuta mnunuzi wa mbuzi wake wawili.

Mbuzi hawakuuzwa. Lakini tangu siku hiyo tumeulizwa swali hilohilo na wazazi wengine, na hata na walimu, tukaona vema kulieleza katika kurasa hizi.

Kwanza tuelewe tofauti ya taratibu. Hapa Kenya, KUCCPS hupanga wanafunzi katika vyuo kwa kutazama alama za KCSE na kozi walizochagua. Hakuna anayemwuliza kijana anapenda kusoma vitabu gani. Vyuo vikuu vingi vya binafsi vya Marekani havifanyi hivyo. Pamoja na alama, husoma insha alizoandika mwombaji mwenyewe, barua za walimu wake, na maelezo ya mambo aliyoyafanya nje ya darasa. Baadhi ya vyuo huongeza jambo moja zaidi: humwomba mhitimu wa chuo anayeishi karibu na mwombaji, au anayeweza kumpata kwa simu ya video, azungumze naye kisha aandike ripoti fupi. Mhitimu huyo ni mtu wa kujitolea. Anaweza kuwa daktari, mhandisi au mfanyabiashara jijini Nairobi. Chuo hakimlipi mshahara kwa kazi hiyo, na mwombaji halipi chochote.

Mahojiano haya si kama yale ya Oxford na Cambridge kule Uingereza, ambako walimu wa chuo wenyewe humpima mwombaji katika somo analotaka kusoma. Wala si mahojiano ya viza, ambayo hufanywa ubalozini na afisa wa serikali, na ambayo yana ada yake. Wazazi wengi huchanganya hayo mawili, na hapo ndipo matapeli hupata mlango.

Basi neno "hiari" lina maana gani? Hapa panahitaji utulivu kidogo, kwa sababu kila chuo hulitumia kwa namna yake. Princeton humpa mwombaji nafasi ya kusema katika fomu kwamba hataki kuhojiwa. MIT na Yale huwapa mahojiano baadhi ya waombaji tu, na hueleza wazi kwamba asiyeyapata hapunguziwi chochote. Georgetown huyahesabu kuwa sehemu ya maombi, isipokuwa pale ambapo hakuna mhitimu wa kuyafanya. Amherst haina mahojiano kabisa. Columbia iliyaacha mwaka 2023, na Brown nayo iliachana na mahojiano ya wahitimu, ikawaruhusu waombaji kutuma video fupi ya kujieleza. Kwa hiyo kijana asimwulize rafiki yake aliyeomba chuo kingine. Asome tovuti ya chuo chake mwenyewe, na asome ya mwaka huu, maana taratibu hizi hubadilika.

Kwetu sisi neno hilo huleta matatizo mawili yanayopingana. Wako wanaodhani cha hiari ni cha kupuuza, wakaiacha barua bila jibu. Wako pia wanaodhani hakuna cha hiari mbele ya mkubwa, kwamba hiyo ni adabu tu ya kizungu na ndani yake kuna amri, wakaingiwa na hofu kana kwamba wanaitwa kortini. Ushauri wetu ni huu: ukipewa nafasi, ikubali. Usipopewa, usihuzunike. Katika Afrika Mashariki wahitimu wa vyuo hivyo si wengi, na mwombaji wa Lodwar au Lamu anaweza kukosa mhojaji kwa sababu hiyo tu. Simu za video, zilizoenea sana tangu janga la korona mwaka 2020, zimepunguza tatizo hilo, ingawa hazijalimaliza.

Uzito wa mahojiano haya ni mdogo kuliko watu wanavyofikiri. Mhojaji haamui. Mara nyingi hajaona hata alama za kijana wala insha zake. Anachopewa ni jina, shule, njia ya kumpata, na pengine masomo anayoyapenda. Ripoti yake huingia katika faili pamoja na karatasi nyingine zote, na ofisi ya udahili, yaani ile inayochagua wanafunzi, ndiyo husoma na kuamua. Harvard na Yale huchukua chini ya waombaji 5 katika kila 100. Wako vijana wengi waliozungumza vizuri kabisa na mhojaji wakaagana wakicheka, kisha wakakataliwa. Wazazi walijue hilo mapema, wasije wakamlaumu mtoto kwamba "aliharibu".

Kama uzito ni mdogo, kwa nini basi mahojiano yapo? Historia yake si safi yote, na tunaona ni haki kuisema. Mwaka 1922 Rais wa Harvard, Abbott Lawrence Lowell, alitaka kuweka kikomo cha idadi ya wanafunzi Wayahudi, ambao walikuwa wakifaulu mitihani na kuongezeka. Kikomo cha wazi kilipingwa. Lakini miaka michache baadaye chuo kilianza kupima "tabia" na "utu" wa mwombaji, na kutaka picha yake. Mahojiano yalikuwa sehemu ya utaratibu huo mpya katika vyuo vya aina hiyo. Mtaalamu wa elimujamii Jerome Karabel ameieleza habari hii kwa kirefu katika kitabu alichokitoa mwaka 2005. Kwa kifupi, kumtazama mtu usoni kulitumiwa kumfungia mlango.

Lakini jambo hilohilo limeonekana pia kwa upande mwingine. Mwaka 2014 Harvard ilishtakiwa kwa madai ya kuwabagua waombaji wenye asili ya Asia, na kesi ikasikilizwa Boston mwaka 2018. Takwimu za chuo zilipofunuliwa mahakamani, ilionekana kwamba maafisa wa ofisi, ambao wengi wa waombaji hao hawakuwa wamewaona kwa macho, waliwapa alama za utu za chini kuliko waombaji Wazungu. Wahitimu waliokaa nao na kuzungumza nao waliwapa alama zinazokaribiana na za Wazungu. Harvard ilijibu kwamba maafisa wake huwa na karatasi nyingi zaidi, zikiwemo barua za walimu. Kesi hiyo iliendelea hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mnamo Juni 2023 ilizuia vyuo kutumia rangi ya mtu kama kigezo cha kumchagua. Sisi si wanasheria. Ila takwimu zile zilitugusa, kwa sababu watoto wetu wengi huonekana wadogo sana kwenye karatasi. Shule haina maabara, haina klabu ya mijadala, na mwalimu anayeandika barua ya kumpendekeza ana wanafunzi 60 darasani. Dakika 45 za mazungumzo zinaweza kumwonyesha mtoto ambaye fomu haikuweza kumwonyesha.

Na hapa tunafika kwenye ugumu wenyewe. Tumewalea watoto wetu kunyamaza mbele ya wakubwa. Mtoto mwema hajisifu, hujibu alichoulizwa na kuinamisha macho. Malezi hayo ni mazuri na hatutaki yapotee, lakini mhojaji anayeuliza, "Niambie kuhusu wewe," akijibiwa, "Mimi ni mwanafunzi mwenye bidii," kisha kimya, hana la kuandika. Tumewasikia vijana wakifanya mazoezi ofisini kwetu. Mmoja alisema tu kwamba alikuwa kiongozi wa kwaya. Tulipomdadisi, akasimulia jinsi waimbaji wa sauti ya nne walivyogoma kwa sababu mazoezi yaliangukia siku ya soko, jinsi alivyozunguka nyumba kwa nyumba kuwasikiliza, na jinsi walivyokubaliana wakutane alfajiri ya Jumamosi. Hapo hakujisifu hata kidogo. Alisimulia kilichotokea, na sisi wenyewe tukamjua upya, ingawa tumemwona madhabahuni tangu akiwa mdogo.

Hilo ndilo tunalowahimiza wazazi na makatekista: msaidieni kijana kukumbuka mambo aliyoyafanya, msimtungie hotuba. Hotuba ya kukariri hujulikana katika dakika ya pili. Kama amesaidia kuuza mboga sokoni, aseme alivyopanga hesabu. Kama alifeli fizikia kidato cha pili kisha akainuka, aseme ni nini kilibadilika. Asitie chumvi kwenye umaskini wala asiuonee haya. Kuhusu imani, wengine hutuuliza kama aifiche. La hasha. Kama amefundisha watoto katika shule ya Jumapili kwa miaka mitatu, hiyo ni kazi halisi, aieleze kama kazi nyingine. Awe pia na maswali mawili au matatu yake mwenyewe, kwa mfano wakati wa baridi kali wanafunzi waliotoka mbali hukaa wapi shule ikifungwa, maana mhitimu amepita huko na atafurahi kuulizwa. Mazungumzo huwa kwa Kiingereza. Kama mhojaji ni mzee wa hapa nyumbani, akimwamkia "shikamoo" kwanza hakuna atakayemlaumu.

Sasa mambo ya vitendo, ambayo huwaangusha wengi kuliko maswali yenyewe. Vyuo vingi vya aina hii hufunga maombi ya mapema tarehe 1 Novemba au karibu na hapo, na maombi ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Barua za mahojiano huja baada ya hapo, kwa kawaida Novemba kwa kundi la kwanza na Januari au Februari kwa la pili. Ni barua pepe, na shule zetu za bweni haziruhusu simu. Mwanafunzi aliye kidato cha nne mwezi wa Novemba yuko katikati ya KCSE. Barua inaweza kukaa wiki tatu bila kusomwa, na mhojaji akaandika kwamba hakupata jibu. Tunawaomba wazazi wakubaliane na mwalimu mkuu mapema ni nani atakayefungua barua pepe hiyo mara mbili kwa wiki, na jibu liandikwe na kijana mwenyewe, hata kama ni mistari mitatu tu.

Mahojiano ya ana kwa ana yafanyike mahali pa wazi: maktaba, mkahawa, ofisi yenye watu. Yasifanyike nyumbani kwa mtu wala chumbani hotelini, na mhojaji wa kweli hatakasirika kuombwa abadilishe mahali. Mzazi anaweza kumsindikiza na kuketi meza nyingine, lakini asikae kwenye mazungumzo. Yakiwa kwa video, kijana ajaribu mtandao siku moja kabla, na awe na namba ya simu ya mhojaji iwapo stima itapotea. Ikipotea, atume ujumbe na kuomba wakati mwingine. Wahojaji walioko Afrika Mashariki wanazijua hali zetu.

Kuhusu fedha tunarudia, kwa sababu ya mbuzi wale wawili: mhojaji hapewi pesa, hapewi kuku, hapewi kitenge. Wala yeye hana haki ya kuomba namba ya pasipoti, neno la siri au pesa ya M-Pesa. Akiomba, au kama kuna shaka yoyote juu ya barua iliyokuja, kijana aiandikie ofisi ya udahili kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo, si ile iliyo ndani ya barua yenyewe, na aulize kama mtu huyo wanamtambua. Tabia ya kutafuta njia ya pembeni haiko kwetu tu. Mwezi wa Machi 2019 watu wapatao 50 walishtakiwa Marekani, wakiwemo wazazi matajiri na makocha wa michezo, kwa hongo na udanganyifu wa kuwaingiza watoto vyuoni. Kiongozi wa mpango huo, Rick Singer, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu Januari 2023.

Yule binti aliandika jibu lake kwenye kompyuta yetu siku ileile, na wiki iliyofuata akazungumza na mhitimu kwa video akiwa katika chumba cha mikutano, mama akingoja nje kwenye benchi. Walizungumza zaidi ya saa moja, sehemu kubwa kuhusu nyuki, kwa sababu babu yake hufuga. Jioni aliandika barua fupi ya shukrani. Jibu la chuo lilikuja mwezi wa Machi: hakupata nafasi. Alilia siku mbili. Sasa anasoma hapa nchini, na ndiye anayetusaidia kuwafanyisha mazoezi waombaji wa mwaka huu.

Mazoezi hayo hufanyika Jumamosi ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi, katika chumba hichohicho. Hayana malipo, na vijana wa madhehebu na dini zote wanakaribishwa. Aje na daftari, na kama ameshapokea barua ya mhojaji, aje na nakala yake tuisome pamoja.